Kuntai Hakuuza

Sipendi redio, na anayetaka kujua sababu akamuulize Ngigi. Ngigi ni mtangazaji wa michezo wa kituo kidogo kilicho juu ya duka la mabati hapa Kitengela, na mdomo wake hauna breki. Mimi ni Naisenya, nauza dawa za mifugo mtaa huohuo, kwa hiyo sauti yake naisikia kila siku, nitake nisitake.

Ndugu yangu mdogo, Timothy Kuntai, ni kipa. Kwenye fainali ya kombe la kaunti, kule Kajiado, ulimjia mpira wa kizembe, ule ambao hata nyanya yetu angeuzuia kwa shuka lake, ukampita katikati ya miguu. Timu yake ikafungwa kwa bao hilo moja, na kombe likaenda Rongai. Nilikasirika mpaka nikalia. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza mwenyewe tukifika nyumbani, na hiyo ni haki ya dada.

Jioni hiyo Ngigi akasema hewani, "Kuntai ameuza mechi." Akarudia huku akicheka, kama mtu aliyeonja asali.

Sasa lazima nilieleze neno hilo, maana ndilo lililotuletea balaa. Vijana wa Kitengela wakisema beki ameuza, mara nyingi wanamaanisha ameboronga, basi. Lakini neno lilelile laweza kusema kwamba mtu alihongwa akaacha mpira upite. Inategemea nani anasema na nani anasikia. Asubuhi yake Soipan, anayesoma habari kwa Kimaa, lugha yetu Wamaasai, katika kituo hicho, alipewa maneno ya Ngigi ayatafsiri, na Kimaa hakina mzaha huo. Kwa Kimaa anayeuza ameuza, kama mbuzi sokoni. Kutoka Kitengela mpaka Illasit watu wakaamka na habari kwamba mtoto wetu amekula hongo.

Baba alizima redio akamuuliza Kuntai swali moja tu: nani alinunua? Kuntai alitoka nje bila kumaliza chai.

Halafu akapiga simu Kocha Nelson, wa timu moja ya Magadi. Huyu alikuwa ameshakubali kumchukua Kuntai awe kipa wake, na nafasi hiyo ndugu yangu ameingoja tangu akiwa shuleni. Kocha alisema hawezi kuweka golini mtu aliyeuza. Kama ni uongo, redio iliyoutangaza ndiyo iukanushe kabla ya Jumatatu, la sivyo atatafuta kipa mwingine.

Nilimshika Kuntai mkono nikapanda naye ngazi za kituo. Mhariri, Lorna, mama mtulivu mwenye miwani, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akamwita Ngigi. Ngigi aliingia akiwa na chapati mkononi na hakutusalimia. Alisema yeye aliongea Kiswahili cha mpira, na kama kuna makosa, ni ya Soipan aliyetafsiri vibaya. Kumtupia lawama msichana ambaye hata hakuwepo chumbani! Hapo ndipo nilipoanza kumchukia kwa dhati.

"Huyu ni mtu wa umma sasa," Ngigi akasema, akimwelekezea Kuntai chapati. "Kama hataki kusemwa, arudi kuchunga ng'ombe."

Nilimjibu aanze yeye kuchunga mdomo.

Lorna alitunyamazisha sote. Alieleza kwamba mchezaji akisimama mbele ya watu, mchezo wake ni wa watu kuuchambua, hata kwa maneno makali. Mtangazaji akisema kipa ni mbovu, hayo ni maoni yake, na hakuna kesi. Lakini akisema kipa alihongwa, huo si uchambuzi tena, na lazima alete ushahidi. Kwa hiyo jambo lote lilisimama hapa: Ngigi aliposema "ameuza," alijua watu watasikia hongo, au hakujua?

"Mimi sikujua," Ngigi akasema. "Kuuza ni kuboronga. Kila mtu anajua hivyo." Akala chapati yake.

Lorna alisema bila uthibitisho kwamba alijua, hawezi kumlazimisha akanushe. Tukashuka. Kuntai alikuwa ameinamisha kichwa, akaniambia tuyaache, labda Magadi haikuandikwa kwake. Nilimwambia anyamaze. Kipindi cha Ngigi cha mashabiki kupiga simu kilikuwa kimekaribia, na mimi nina simu.

Nilisimama dukani kwangu, katikati ya chumvi ya ng'ombe na dawa za kupe, nikapiga mpaka nikapata laini. Ngigi hakuitambua sauti yangu, kwa sababu niliilainisha kama ya mchumba. Nilimsifu kwanza. Nilimwambia sisi wote wa Kitengela tunampenda.

"Lakini Ngigi," nikasema, "hapa nje watu wanasema kwa ile fainali, hata wewe uliuza."

Kisha akalipuka.

"Nani amesema? Niliuza kwa nani? Mimi sijachukua kitu ya mtu wa Rongai! Toa ushahidi saa hii ama tupatane kortini!"

"Pole, bwana Ngigi," nikamwambia kwa sauti yangu mwenyewe. "Nilikuwa nasema tu uliboronga. Si kuuza ni kuboronga? Ama leo neno limebadilika?"

Ukaingizwa wimbo kwa haraka, ukaanzia katikati. Kwenye duka la jirani nilisikia watu wakicheka mpaka wakapiga meza.

Kabla wimbo haujaisha Lorna alinipigia simu, akaniambia nipande na ndugu yangu. Hakuongea mengi. Alisema sasa imejulikana Ngigi analielewa vipi neno lake, na kwamba kosa litarekebishwa leo, kwa lugha zote mbili ambazo lilitangazwa kwazo, na yule aliyelisema ndiye atakayesoma marekebisho kwa Kiswahili. Tulikaa nje ya kioo cha studio tukamtazama.

Ngigi alisoma huku amekunja uso. "Kituo hiki kilisema Timothy Kuntai aliuza mechi. Si kweli. Kuntai hakuchukua chochote kwa mtu yeyote." Akatutazama kupitia kioo, akaongeza lake ambalo halikuandikwa. "Mpira ulimpita tu katikati ya miguu. Mpira ambao hata mtoto angeushika."

Niliruka kutoka kitini. Nilikuwa naelekea kwenye ule mlango, na taa nyekundu ya kuonyesha wako hewani haingenizuia. Kuntai alinishika gauni.

"Hiyo wacha," akasema. "Hiyo ni ukweli."

"Anakutusi mbele ya kaunti nzima!"

"Ananiambia nilicheza vibaya. Si nilicheza vibaya? Hiyo naweza enda mazoezi nirekebishe. Ile ingine ningerekebisha na nini?"

Nilirudi kukaa, nimekasirika zaidi.

Soipan akasoma baada yake kwa Kimaa, taratibu, akitamka jina la Kuntai pamoja na la baba yetu, ili wazee wasikosee ni nani anayesafishwa. Tulikuwa bado kwenye ngazi simu ya Kuntai ilipolia. Alikuwa Kocha Nelson. Alisalimia kwa Kimaa, "Supa," akaitikiwa, kisha sauti yake nene ikasikika mpaka kwangu.

"Nimesikia. Kuja Jumatatu. Lakini ukuje ukiwa umefunga miguu."

Kuntai alicheka hadi akaketi kwenye ngazi, kicheko chake cha kwanza tangu fainali. Mimi sikucheka. Juu yetu Ngigi alikuwa amerudi hewani, anachambua kipa mwingine, na nilisimama pale nikasikiliza kila neno, nione kama atathubutu tena kusema "ameuza."