Kamba ya Makosa

Kavindu aliamka na wazo baya akaliona zuri: asubuhi ya kukaguliwa, aliiondoa kamba ya makosa.

Kamba hiyo ilifungwa ukutani katika karakana yake ya kushona pale Mountain View, Nairobi. Kila vazi lililoharibika lilitundikwa hapo, wote walione na wajifunze. Jina la aliyeliharibu halikutajwa kamwe. Mwiko huo aliuweka Kavindu mwenyewe, maana ujana wake ulikuwa wa kufokewa mbele ya watu.

Lakini leo alikuwa anakuja Bi Parminder, mkaguzi wa ubora wa biashara. Hospitali moja ya Kileleshwa ilitaka kuona alama atakazotoa kabla ya kuipa karakana kazi ya sare za wauguzi. Wakiikosa, msimu wa sare za shule ukiisha mafundi watakaa nyumbani. Basi Kavindu alizishindilia nguo mbovu zote ndani ya gunia, akalikalia.

Bi Parminder alipima uongozi, akapima huduma kwa wateja, akaonja hata chai ya mafundi. Alimwona Nashon, mkata vitambaa, akimwekea fundi mjamzito mto kwenye kiti bila kuombwa. Akatabasamu, akaandika. Kisha akauliza, "Na mkikosea, mnafanyaje?"

"Sisi hatukosei, madam," Kavindu akasema.

Kalamu ikasimama. "Basi hapo sina alama ya kuwapa, mama. Nilitaka kujua mnavyojifunza."

Mafundi wote walilitazama gunia. Nashon akakohoa, akamgeukia Kavindu.

"Mathe, si uinuke tu? Umekalia alama zetu."

Kicheko kikalipuka. Uso ulimwaka Kavindu, lakini aliinuka. Akaifunga tena kamba ukutani kwa mikono yake, akatundika koti lenye mikono miwili ya kushoto, kisha shati lenye mfuko mgongoni.

"Mwenye shati hili angetoa kalamu aje?" Bi Parminder alicheka hadi akashika meza. "Nani alishona hili?"

Kila fundi akainamia cherehani yake.

"Hatusemangi, madam," Nashon akajibu. "Ni letu sote."

Bi Parminder akageuza ukurasa, akaandika sana.

Vitambaa vya sare za hospitali ya Kileleshwa viliwasili kabla shule hazijafunguliwa. Kufikia saa ya chai, mkono mmoja wa bluu ulikuwa umeshonwa ndani nje. Kavindu aliuokota, akaulainisha kwa kiganja, akautundika kwenye kamba, penye mwanga.