Maziwa ya Kuomba

Mimi ndiye niliyepanga harusi ya mdogo wangu Igiraneza, na sijifichi, maana hapa Masisi kila mtu anajua. Sikukubali tukodi ukumbi, sikukubali tukodi viti, wala sikumwita mtu wa kupamba. Gauni nilishona mwenyewe kwa pazia jeupe alilotuachia marehemu mama. Maua niliyakunja kwa karatasi za chooni, nikiwa nimekaa mlangoni, majirani wakipita na kucheka. Waache wacheke. Wao walioana kwa mikopo, na mpaka leo wakimwona mwenye duka wanabadilisha njia.

Jina langu ni Nyirakamana, mtoto wa kwanza wa mzee Nshimiyimana. Mama alifariki Igiraneza akiwa na miaka sita, nikamlea mimi. Baba alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja kabla hatujakimbia vita. Tuliporudi mlimani tulimkuta mmoja tu, Gaju, amekonda, anatutazama kama vile sisi ndio tuliopotea. Tangu siku ile nikawa mtu wa kubana. Chumvi nabana, sabuni nabana, hata kiberiti nabana. Mwanamume aliyenioa alichoka akarudi kwao, na hilo nalo halikunigharimu kitu.

Mchumba wa Igiraneza aliitwa Nzanzu, Mnande mwenye kiduka cha chumvi na sabuni huko Mpofi, upande wa Walikale. Kijana mpole, sina neno naye. Watu wake hutoa mahari ya mbuzi, sisi ng'ombe, na baba mdogo Karangwa alianza kununa. Baba akamnyamazisha.

"Mbuzi nayo iko na miguu ine," alisema. "Mwache mutoto aolewe."

Kitu alichokitaka baba kilikuwa kimoja. Kwetu, kabla binti hajatoka nyumbani kwenda kuolewa, baba yake humnywesha maziwa kwa mkono wake mwenyewe, katika inkongoro, kile chombo cha mti cha kunywea maziwa, akimwambia maneno ya kumuaga. Binti hamalizi. Yanayobaki hunywewa na mkubwa wake, kaka au dada aliyemtangulia, ili baraka isihame yote. Mimi sikunyweshwa. Niliolewa kambini, tukiwa wakimbizi, na pale hata maji tulipanga foleni. Kwa hiyo baba alikuwa akingoja siku ya Igiraneza kwa ajili yetu wawili, na mimi nilijua, ingawa hakuna aliyelitamka.

Mwezi wa pili miguu ya baba ilianza kuvimba. Daktari alisema ni moyo. Akaniita, akaniambia nikae.

"Nyira, tufanye arusi ku Pâques."

"Na nini, Papa? Maharagi haijakomaa. Gaju atazaa mwezi wa saba."

"Maziwa tutaomba kwa Muhawenimana. Nusu litre tu, inatosha."

Muhawenimana ni jirani yetu wa bondeni, mjane mwenye ng'ombe wanne. Hana ubaya, ila ana mdomo, na nilijua kila atakayenunua maziwa kwake ataambiwa kwamba harusi ya kwa Nshimiyimana ilifanyika kwa maziwa yake.

"Maziwa ya kuomba, ku arusi yetu? Weye Papa, mwenye ng'ombe kumi na moja?"

"Iko moja," akasema.

"Hiyo moja njo itatutosha. Mwezi wa saba tutakuwa na maziwa yetu na maharagi yetu. Fromage nitatengeneza tatu, nipange moja juu ya ingine, ikuwe gâteau. Hatutaomba muntu, hatutanunua kitu."

"Mwezi wa saba iko mbali, mutoto yangu."

"Miezi mitano, Papa! Utakufa kwa miezi mitano?"

Nilisema hivyo nikicheka, naye akacheka. Kicheko kile nakisikia mpaka leo nikiwa napepeta maharagwe, na ninakichukia.

Basi tukangoja. Nzanzu alileta mbao, akatengeneza mabenchi kumi na mawili nyuma ya nyumba, yeye na msumeno wa kuazima. Niliomba masufuria makubwa kwa wamama wa kanisa. Nilipata shitingi mbili, yale maturubai ya msaada, nikaziosha na kuziunga iwe hema moja. Kila nilipopata kitu bila kutoa hela nilimwendea baba kitandani kumhesabia, naye aliitikia kwa kichwa. "Ni vizuri, Nyira. Ni vizuri." Hakunitajia Pasaka tena.

Mwezi wa tano kulitokea jambo dogo. Siku moja nilirudi kutoka shambani nikakuta inkongoro imeoshwa, imeinamishwa juani juu ya jiwe. Ilikuwa ya babu, na mti ule ukipigwa na jua unapasuka. Nilipandwa na hasira. Nilimkaripia Igiraneza mpaka sauti ikakauka, nikamwambia kama anataka kuvunja vitu avunje vya huko Mpofi. Aliichukua akaipeleka kivulini. Baba alikuwa amekaa mlangoni na blanketi lake, akitazama chini. Nilidhani anaona aibu kwa ajili ya mtoto.

Alikufa mwezi wa saba, asubuhi, siku kumi na sita kabla ya tarehe tuliyoipangia harusi. Nilikuwa nimemletea uji, akaniambia nimwekee dirishani upoe. Nilipogeuka kutoka dirishani alikuwa ameshakwenda.

Watu walikuja matanga kwa wingi, kwani baba alipendwa. Na hakuna kilichopungua. Walikaa kwenye mabenchi ya Nzanzu, chini ya shitingi zangu. Maharagwe yalikuwa yameiva wiki ile ile, tukayapika kwenye masufuria ya wamama wa kanisa. Mama mmoja alinishika mkono akasema, "Dada, mulijipanga vizuri." Niliingia ndani, nikajifunika uso kwa lile gauni la pazia, nikalia kama sijawahi kulia hata kwa mama. Siku nne baada ya mazishi Gaju akazaa ndama jike. Maziwa yakawa mengi hata tukakosa vyombo.

Harusi tuliifanya mwezi wa kumi. Muhawenimana alijitolea kuchuma maua halisi ya kupamba kanisa, nikamwambia yangu ya karatasi yanatosha. Jibini tatu, zile fromage zangu, nilikuwa nimezipanga mezani kama keki tangu jana yake, na zilipendeza kweli.

Asubuhi Karangwa alisimama uani kunywesha maziwa badala ya kaka yake. Gaju alikuwa ameshakamuliwa. Niliingia na inkongoro mkononi kumwita Igiraneza, nikamkuta ameketi kitandani mwa baba, amevaa gauni, mikono mapajani.

"Simama, Papa Karangwa anakungojea. Maziwa itapoa."

"Dada," akasema, "miye nilisha kunywa."

"Ulikunywa wapi?"

"Papa alininywesha. Mwezi wa tano, siku ulienda soko. Alishuka yeye mwenyewe kwa Muhawenimana, na fimbo yake, akaomba nusu litre. Ilimuchukua asubuhi yote kupanda. Akaniita hapa, akaninywesha, akaniambia maneno yake yote."

Nilikaa.

"Kwa nini hamukuniambia?"

"Alikatala. Alisema, mukubwa wako atakasirika juu ya maziwa ya kuomba. Alisema atakuambia yeye mwenyewe, siku atakuona uko na furaha."

Nilitaka kumwambia kwamba ni uongo, kwamba baba hakuwa mtu wa kuogopa binti yake. Lakini nilimkumbuka pale mlangoni na blanketi lake, macho chini. Muhawenimana pia nilimkumbuka, mwanamke wa mdomo mpana, aliyeifunga siri ile miezi mitano bila hata kunitupia neno.

"Na yangu?" nikauliza. "Ile inabaki ya mukubwa?"

Igiraneza alianza kulia, poda ikamchirizika mashavuni.

"Alikulindia. Alificha inkongoro hapa chini ya kitanda. Kila mangaribi ulikuwa unarudi na hasira, mara ya sabuni, mara ya misumari, naye ananiambia, tungoje kesho. Siku ya tano ikaanza kunuka. Akaimwaga kule nyuma ya nyumba, akaosha inkongoro na mukono yake, akaiweka ku jua."

Nyuma ya nyumba ndiko Nzanzu alikochania mbao, na mimi nilikuwa nimepita pale mara mia nikihesabu mabenchi. Niliitazama ile inkongoro mkononi mwangu. Kweli jua lilikuwa limeipasua kidogo mdomoni, ufa mwembamba kama uzi, na nilikuwa nimempigia Igiraneza kelele kwa ajili ya ufa ule.

Uani Karangwa aliita. Igiraneza alijifuta, akanishika mkono tukatoka wote. Hakumwaibisha baba mdogo. Alipiga magoti, akasikiliza maneno yake, akanywa mafunda mawili, kisha akageuka akanipa mimi inkongoro mbele ya watu wote. Wamama wakapiga vigelegele. Muhawenimana alikuwa nyuma yao, ameshika maua yake niliyoyakataa.

Nilikunywa nikiwa nimesimama, mpaka mwisho. Yalikuwa ya moto, matamu, maziwa ya ng'ombe wetu, na hayakutugharimu hata faranga moja. Mimi nilitaka yale ya kuomba.