Mkono wa George Ukutani

Mdogo wangu Marselino alikuwa na ugonjwa wa kuokota. Wenzake machimboni walitafuta dhahabu, yeye alirudi na karai lililotoboka, kamba iliyokatika, chemli isiyo na kioo. Nilimwambia nyumba yangu si jalala. Akajenga ya kwake, chumba kimoja kando ya barabara ya Buseresere, akaandika mlangoni MAKUMBUSHO YA WACHIMBAJI. Tulimcheka hadi machozi.

Matofali aliyafyatua kwa marudio, ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa kwenye karasha na dhahabu kuoshwa. Enzi hizo marudio yalikuwa uchafu tu. Zamoyoni, mwenye duara, yaani shimo lile walilochimba wote, alimwambia achukue mpaka achoke. Mwanangu George, wakati huo yuko darasa la tano, alimsaidia kufyatua, na siku moja akagandamiza kiganja kwenye tofali bichi. Tofali likajengwa, ukuta ukapigwa plasta, mkono ukafunikwa. Nani angeweka alama? Mwenye mkono alikuwa nyumbani kila jioni akidai ugali.

Makumbusho yakakua, sijui hata vipi. Mstaafu mmoja wa Mwadui alileta kopo lake la chakula, lile lililokuwa likipekuliwa kila akitoka kazini, asije akaficha almasi. Chausiku wa Nyasubi akaleta kaniki ya bibi yake. Waliohama machimbo waliacha kitu, waliofiwa wakaleta walichobakiwa nacho. Chumba cha pili kikaongezwa, wanafunzi wakaanza kuja kwa foleni, na Marselino akawa anatembea kifua mbele utadhani diwani.

Kisha duara likatitia, George, sasa kijana mchimbaji, akiwa chini. Walichimba hadi maji yakawashinda. Nilichopewa ni nyundo yake, aliyokuwa ameiacha juu. Niliipeleka makumbusho ikatundikwa. Sina kaburi la kupalilia. Nilikuwa naingia mle, naweka kiganja popote ukutani, najua mkono wake umo humo ndani. Ilinitosha.

Bei ya dhahabu ikapanda, zikaja dawa za kukamua hata yale marudio tuliyokuwa tunayakanyaga. Zamoyoni akaja na msumari, akakwangua kona ya nje ambako plasta ilikuwa imebanduka, akaosha ule unga kwenye karai. Dhahabu ikaonekana. Siku ile ile akatudai nyumba.

Wazee wa machimbo wakaitwa. Mila ya huku kila mtu anaijua: marudio ni mali ya mwenye duara, hata yakihamishwa. Marselino alilia mbele za watu, akasema alipewa. Zamoyoni hakukana.

"Nilimpa mchanga," alisema. "Dhahabu sikumpa."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nilimchukia kila mmoja wao, na zaidi niliwachukia kwa kuwa nilijua wamefuata mila. Nilimfuata Zamoyoni nyumbani kwake, nikapiga magoti. Si mtu mbaya yule, laiti angekuwa mbaya ningemtukana nikapumua. Aliniinua, akaniambia, "Mama George, tofali lenye mkono ni lako. Ila lori linakuja kesho, litafute."

Asubuhi vitu vyote vya makumbusho vilitolewa uani, vikarundikwa juu ya turubai. Marselino akakaa katikati yake. Mimi nilitoa ile nyundo ya George msumarini, nikaanza na ukuta wa kwanza. Nikipiga, plasta inaanguka, natazama tofali. Hakuna. Napiga tena. Matofali yalikuwa laini, mengine yalimomonyoka yakifuatana na plasta, nami nilizidi kupiga kwa sababu wapakiaji walikuwa mgongoni mwangu. Nilibomoa kuwashinda wao. Mmoja aliniambia, "Mayu, mama yangu, pumzika basi." Nikapiga tena. Mikono ilitoka damu, nikamwomba Mungu, kisha nikagombana naye.

Ukuta wa mwisho ulianguka, mkono haukuonekana. Lori likaondoka na nyumba yote, likaacha rundo la plasta peke yake. Plasta ilikuwa mchanga wa mtoni, haina dhahabu, hakuna aliyeitaka. Nikaketi juu yake nikalia kwa sauti, kama ambavyo sikuwahi kulia siku ya duara.

Marselino alikuja, ugonjwa wake ukamshika. Akaanza kuokota vipande, anavigeuza kimoja kimoja. Kimoja hakukitupa.

"Dada," alisema. "Tazama huku nyuma."

Vidole viwili vidogo vilikuwa vimetokeza kwenye plasta. Siku ile ilipopigwa ikiwa mbichi, ilijaa ndani ya alama ya kiganja, ikaganda na umbo lake. Mchana kutwa nilikuwa natazama matofali, mkono nautupa miguuni. Tukapekua rundo zima kwa magoti. Tukapata kidole cha tatu na kidole gumba. Kiganja chenyewe kilikuwa kimepondwa, na katikati yake palikuwa na alama ya duara ya nyundo.

Marselino akauliza kwa sauti ndogo, kibao cha vidole hivyo kiandikwe nini. Nilivifunga vile vidole kwenye pindo la khanga, nikaelekea nyumbani. Nyundo niliiacha palepale kwenye rundo.