Kiboksi Kwenye Mzigo wa Chini

Kiboksi chenyewe hakikuzidi kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani yake kulikuwa na kinyama kilichokatwa kwenye titi la Matrida, mama yake Consolata, kikagandishwa kwenye nta, pamoja na vioo viwili vya maabara na barua. Daktari wa Musoma alimkabidhi Consolata mkononi.

"Hiki ndicho pekee tulichonacho," alimwambia. "Wenzetu wa Dar wakikisoma ndipo watajua dawa ipi inamfaa. Kisitoke kwako."

Consolata akakipakata kama yai ndani ya basi, kutoka Musoma mpaka nyumbani kwao Nyasura, pale Bunda. Kwa siku nne kilikaa chini ya mto wake. Siku ya tano mjomba Keraryo akaja kutoka Butiama kuwafungia mizigo.

Mjomba Keraryo alikuwa konda wa mabasi kwa miaka kumi na tisa, na katika ukoo ule hakuna aliyesafiri, hata wa kwenda Nyamuswa tu, bila yeye kuyakagua mabegi. Ndege hakuwahi kuipanda. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi. Tiketi walichangiwa na jumuiya ya kanisani, kwa kuwa mama hakuweza tena kuhimili kutwa nzima ya basi.

Begi la mkononi lilijazwa dagaa, furu wakavu na unga wa muhogo wa udaga wa kumpelekea Hyasinta, binamu ambaye wangefikia kwake. Hilo halikuwa na mjadala. Kwao chakula cha mwenyeji hakisafiri chini ya miguu ya watu. Kinashikwa na kukabidhiwa mkono kwa mkono. Walilipima kwenye mzani wa pamba wa jirani yao Masanja, likasoma kilo saba kamili, mwisho wa zinazoruhusiwa mkononi.

"Mjomba, hiki nitakaa nacho," Consolata alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida.

"Wapi? Kwenye hicho kipochi?" Mjomba alicheka. "Mimi nilikuwaga naona watu wanashuka Bunda na mkanda wa mkoba shingoni, mkoba wenyewe umeshakatwa tangu Lamadi. Wanalia kama watoto! Kitu cha maana kinalala kwenye sanduku, sanduku linapigwa kufuli, linaingia kwenye buti."

"Lakini ndege, mjomba..."

"Ndege si ina buti? Tena lake liko mawinguni. Mwizi atalifikiaje, kwa ungo?"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Hakuwa amecheka tangu Pasaka. "Mwache mjomba wako, Conso. Amesafirisha watu hujazaliwa."

Kwa ajili ya kicheko kile, Consolata akakitoa kiboksi. Mjomba akakiviringisha kwenye kitenge, akakizamisha katikati ya sanduku, akafunga kufuli na kulivuta mara tatu.

Uwanja wa ndege wa Mwanza, dada wa kaunta aliliweka sanduku kwenye mzani. "Humu ndani kuna dawa, nyaraka, kitu chochote ambacho hutaki kipotee? Kama kipo kitoe, ukae nacho."

Consolata alifungua mdomo. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu. Mjomba, aliyewasindikiza, alisimama ng'ambo ya kizuizi akimwinulia dole gumba. Kulifungua sanduku pale, mbele yake, kungekuwa kumvua nguo hadharani.

"Hakuna," alisema.

Dar es Salaam walisimama mbele ya mkanda wa mizigo mpaka mkanda ukasimama. Sanduku lao halikuwamo. Walijaza fomu, wakaambiwa litapatikana. Dagaa walifika salama.

Hospitalini, daktari aliisikiliza habari yao akiwa ameweka kalamu chini. "Bila majibu ya kile kipande siwezi kubahatisha dawa. Itabidi tukate kingine."

"Walipokata bado hapajafunga," mama alisema. "Hawanikati tena. Tusubiri sanduku."

Wakasubiri. Kila asubuhi Consolata alipiga simu, na kila asubuhi aliambiwa wanaendelea kufuatilia. Siku ya kumi na saba mama alikubali kukatwa, lakini maji yalikuwa yameshaingia kwenye mapafu, na daktari hakuthubutu.

"Keraryo asijue," mama alisema jioni ile, akihema kati ya neno na neno. "Ataumia sana yule. Mwambie kilifika, ila ugonjwa ulikuwa umetangulia."

"Mama, ni mimi. Yule dada wa kaunta aliniuliza. Nikakinyamazia, nikasema hakuna kitu."

Mama alimtazama. "Basi na hili linyamazie."

Walimzika Nyasura, kando ya baba. Baada ya matanga mjomba Keraryo alivuta kigoda karibu na Consolata, macho mekundu.

"Kile kinyama walikisoma?"

"Walikisoma, mjomba."

"Afadhali. Hapo angalau tulijitahidi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Keshokutwa ndugu yetu Benjamini anampeleka mwanawe Dar, yule mgonjwa wa moyo. Ana mapicha ya hospitali na dawa za mwezi mzima. Nimemwambia anisubiri, nitamfungia mizigo kama nilivyowafungia ninyi."

Consolata aliiangalia mikono yake mwenyewe. Alimwona mama akihema. Alimwona pia mtoto wa Benjamini, mwenye miaka sita, midomo ya bluu.

"Mjomba," alisema, na safari hii sauti ilitoka. "Hakikufika. Sanduku lilipotea. Mpaka leo."

Mjomba hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyelala.

"Matrida alijua?"

"Alijua. Alinikataza nisikwambie. Na mimi niliulizwa kaunta, mjomba, nikasema hakuna kitu. Kwenye kosa hili tuko wawili."

Watu walipita na masufuria, mmoja akamsalimu mjomba, hakuitikia. Alipozungumza tena alikuwa akiuangalia udongo.

"Mpigie Benjamini," alisema. "Mwambie asinisubiri."