Mistari Minne ya Mshono

Fundi alipunguza suruali yake kwa mara ya nne siku ya Jumatatu asubuhi, mkewe alipokuwa sokoni akitafuta bitiruti za juisi. Aliigeuza ndani nje, akachora mstari wa chaki robo tatu ya inchi kutoka kwenye mshono wa nyuma, akaipitisha kwenye cherehani. Dakika kumi hazikufika. Alipoivaa ilimkaa barabara, na mtu asiyemjua angeapa kwamba huyo ni mwembamba wa asili, mwenye afya zake.

Afya zenyewe zilikuwa zimemtupa mkono. Miezi mitano nyuma alipasuliwa, akatolewa uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana, na tangu hapo kila baada ya wiki tatu alitundikiwa dripu ya dawa ya kumaliza mabaki. Dawa ilimwachia vidonda mdomoni na kichefuchefu kilichoamka hata kwa harufu ya sabuni. Hilo lilikuwa tatizo la kwanza. La pili lilikuwa jiko la mkewe, na hilo hakuwa na ubavu wa kulisema.

Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na mmoja, wakiitana Baba Pacha na Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe walikwisha kuoa na kuhama. Aliyeleta balaa ni dada wa Mama Pacha.

"Saratani inakula anachokula mgonjwa," alisema, kwa uhakika wa mtu aliyepata ujumbe wa sauti kwenye simu akausambaza kabla haujaisha. "Sukari, nyama, mayai, maziwa, mafuta, vyote ni chakula chake. Ifungie. Itakufa njaa yenyewe."

Mama Pacha akaifungia. Majani ya kuchemsha bila tone la mafuta, uji mwepesi bila sukari, juisi ya bitiruti asubuhi na jioni. Na yeye mwenyewe akala hivyo hivyo, sahani kwa sahani.

"Madaktari wana dawa zao," alisema. "Mimi nina sufuria zangu. Ugonjwa huu tutaubana pande mbili."

Ungemwambia nini mtu kama huyo? Miezi mitatu nyuma, suruali ilipoanza kumvuka, Fundi alimkuta mkewe jikoni analia, mwiko mkononi. Siku hiyo hiyo akapunguza kiuno. Kesho yake Mama Pacha alimtazama juu hadi chini, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Basi kosa likaanzia hapo. Mwingine angejificha ndani ya koti kubwa. Huyu, kwa ufundi wake, akajificha ndani ya mshono.

"Suruali zake zinamkaa vile vile," Mama Pacha alimwambia dada yake kwenye simu, furaha tele. "Chakula kinafanya kazi."

Jumanne, mizani ya hospitali ilisoma kilo hamsini na moja. Alipoanza matibabu alikuwa na sitini na sita. Mtaalamu wa lishe, binti wa rika la wale pacha, mwenye meza ndogo mwisho wa korido, aliandika namba hiyo kisha akaweka kalamu chini.

"Baba, unakula nini?"

"Nakula vizuri."

"Sikuuliza kama ni vizuri. Jana ulikula nini, kuanzia asubuhi?"

Fundi akataja. Haikuchukua muda mrefu.

"Sukari inatumiwa na mwili wote, baba, si saratani peke yake. Ukijinyima chakula, anayekonda ni wewe. Unahitaji yai, maziwa, maharage, samaki, karanga za kusaga kwenye uji, na mafuta kidogo. Mlo mkubwa ukikushinda, kula kidogo kidogo, hata mara sita kwa siku. Harufu ikikukera, subiri kipoe." Aliandika yote kwenye karatasi. "Jumanne ijayo ni siku ya dozi. Ukishuka chini ya hamsini, daktari ataiahirisha, maana mwili wako hautaihimili. Zimebaki dozi mbili tu, tusizichezee. Nani anapika nyumbani?"

"Mke wangu."

"Basi njoo naye."

"Ana kazi nyingi," Fundi alijibu. Uongo mtupu.

Nyumbani aliikunja karatasi akaisukuma chini ya kopo la vifungo. Aliogopa kufa, tusimpambe. Ila kila alipofungua mdomo kumweleza mkewe habari za zile sufuria, aliuona ule mwiko na yale machozi, akaufunga.

Tangu aanze mchezo wake, suruali alizifua na kuzipiga pasi mwenyewe, akidai anataka mazoezi. Alhamisi uji ulimtoka wote, ukaishia mapajani. Mama Pacha alimvua kabla hajapata neno, akamfunga shuka, akaenda uani na beseni. Alipoigeuza suruali ili aianike, hakuianika tena.

Aliingia chumba cha mbele, Fundi alikokaa kwenye cherehani na shuka lake, suruali ikichuruzika maji sakafuni. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amekaa chumba hicho akishona vifungo na kupindia nguo za wateja. Mshono hakuhitaji kuelezwa.

"Mmoja," alisema, kidole juu ya kitambaa. "Miwili. Mitatu. Minne. Baba Pacha, hii ni nini?"

"Kitambaa hicho, unajua, kikifuliwa sana..."

"Usinishonee uongo. Simama."

Alichukua futi ya kupimia shingoni mwa mumewe, akaizungusha kiunoni. Inchi ishirini na nane. Kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa harusi ya pacha, iliandikwa thelathini na nne. Mama Pacha akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Umeniacha najisifu kwa watu," alisema. "Najisifu, na wewe unaisha."

Fundi aliumia kuliko siku ile ya kupasuliwa. Akaitoa karatasi chini ya kopo, akampa. Mkewe aliisoma mlangoni penye mwanga, midomo ikitikisika. Alipofika kwenye yai alirudi nyuma akasoma tena.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nakuua kwa njaa."

"Wewe hukujua. Mimi nilijua, nikanyamaza ili usilie. Mkosaji ni mimi."

"Ndiyo, ni wewe," alisema, na bado akalia. "Na mimi pia. Na dada yangu atanisikia leo. Lakini kwanza yai."

Alilichemsha, akaliponda na kiazi na mafuta kidogo, akaliacha lipoe kabisa. Fundi alimaliza nusu yake kwa dakika arobaini. Wakati huo mkewe alikuwa na wembe mkononi, anafumua mistari yote minne.

Jumanne walikwenda pamoja. Kilo arobaini na tisa na nusu. Dozi ikaahirishwa wiki moja. Mama Pacha aliketi kwenye benchi la nje.

"Mimi nimepata siku tano," alisema. "Wewe ulikuwa na miezi mitatu."

Fundi akachukua simu, akatega kengele sita, moja kwa kila mlo.

Wiki hiyo simu ililia mara sita kwa siku, na kila ilipolia kulikuwa na kibakuli. Maziwa baridi kati ya mteja na mteja. Uji mzito wa karanga. Samaki aliyechambuliwa miiba. Mara mbili alitapika. Mama Pacha aliosha bakuli, akasubiri saa moja, akaanza upya. Naye alikula yai lake la kwanza baada ya miezi, macho ameyafumba.

Jumanne iliyofuata Fundi alitembea korido nzima ameishikilia suruali kwa mkono isimwanguke, watu wa mabenchi wakimtazama. Alipanda mizani hivyo hivyo. Binti wa lishe akainama, akasoma mara mbili.

"Hamsini na gramu mia tatu. Leo dozi unapata." Kisha akaiona suruali, akacheka. "Lakini baba, wewe si ndiye fundi? Kwa nini usiipunguze?"

Fundi alifungua mdomo, mkewe akamuwahi.

"Haipunguzwi," alisema Mama Pacha. "Hata uzi mmoja. Ataijaza."