Mkangazi wa Mpakani

Baba mdogo Sedekia aliponipigia simu kuniomba nikampasulie mkangazi wake, nilicheka hadi Brayson akazima mashine na kuja kuniuliza nimepatwa na nini. "Leo kwangu sikukuu," nikamwambia. Brayson ndiye fundi wa mashine yangu ya kupasulia magogo pale Mlandege, na anajua mimi si mtu wa kucheka ovyo.

Huyo Sedekia ni mdogo wa marehemu baba yangu. Ana uso mkavu mzee yule, loo! Babu alipowagawia wanawe shamba kule Ilula, aliufanya mkangazi mkubwa uliosimama katikati kuwa mpaka. Kutoka mtini kwenda bondeni, kwenye maji, kwa baba yangu. Kutoka mtini kupanda kilimani, kwa Sedekia. Na ili asije mtu akaleta ujanja baadaye, babu alichukua jembe lake kuukuu, akalitoa mpini, akalikita kwa nyundo kwenye shina. Sedekia mwenyewe ndiye aliyelishikilia wakati babu anapiga. Mama yangu, Damari, alikuwa bibi harusi mgeni pale nyumbani. Aliwapelekea uji, akaona kila kitu.

Baba alipofariki, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi Sedekia alipoanza kusema mpaka ni mfereji wa chini, na bonde lote la nyanya ni lake. Baraza la kata likaja kuangalia. Lakini miaka ilikuwa imepita, mti umenenepa, gamba limelimeza jembe lote, halionekani hata kovu. Mama akalizunguka shina akilipapasa kwa mikono miwili. "Limo humu, wazee wangu. Limo humu ndani." Sedekia akaweka kiganja chake kwenye gamba, akaapa mbele ya watu: "Hakuna jembe hapa. Shemeji yangu amechanganyikiwa na msiba." Watu wakacheka. Nilikuwa msichana wa shule, nimeshika kanga ya mama, na kicheko kile hakijanitoka masikioni mpaka leo.

Bonde tulinyang'anywa, sawa. Lakini jina ndilo lililotuumiza zaidi, maana Ilula nzima ilianza kumwita mama yangu "Mama Jembe". Akipanga nyanya zake kando ya barabara, vijana wa mabasi wanamuuliza, "Mama Jembe, umeshaliona?" Tukahamia Iringa mjini. Tangu hapo hakukanyaga Ilula tena, hata msiba wa dada yake aliulilia chumbani Mlandege. Sasa kazeeka, kifua kinamsumbua, na anachoniambia kila siku ni kimoja tu: "Eveline, nisizikwe na jina la mwongo."

Mimi nikaingia kwenye biashara ya mbao. Watu wanadhani niliipenda. Thubutu! Nilikuwa naungoja ule mti. Nilitafuta mashine inayoweza kupitisha gogo nene kama lile, nikajulikana kila mahali, nikakaa kimya. Nilijua kwamba siku Sedekia atakapoukata, hatakuwa na pengine pa kwenda.

Na kweli akaukata, kwa sababu ya majivuno tu. Alikuwa anautaka uzee wa kanisa. Usharika wao unamalizia jengo jipya, naye akasimama ibadani akatangaza kwamba mkangazi wake autoa kwa Bwana: mbao nyingine za mabenchi, na ubao mpana kuliko zote, ule wa katikati ya gogo, uwe altare. Kuhusu jembe, nadhani aliamini kutu imeshalimaliza. Au alikuwa ameurudia uongo wake mara nyingi mno, akauamini mwenyewe.

"Mwanangu, ya zamani tuyaache," aliniambia kwenye simu. "Sisi ni damu moja."

"Kabisa, baba mdogo, damu moja," nikamjibu kwa sauti tamu hadi nikajishangaa.

Mama aligoma kwenda. "Ilula? Wakanicheke tena?" Nikamwambia apande gari, atashuka akitaka. Akapanda, akafunga kioo, akajitanda kanga kichwani.

Tulifika na mashine tukiivuta nyuma ya gari, tukakuta umati. Waumini, kwaya, mchungaji, na Mzee Shedrack, yule yule aliyekuwa mwenyekiti wa baraza siku ile, sasa anatembelea mkongojo. Sedekia alikuwa amevaa suti.

"Kamwene, mwanangu!"

"Kamwene, baba mdogo. Umependeza!"

Gogo lilikuwa limelala chini, nene kiasi kwamba mtoto angesimama nyuma yake usimwone. Nikalizunguka polepole, nikaona kinundu kidogo upande mmoja, nikajua. Nikaamuru ligeuzwe mpaka kinundu kikae ubavuni, usawa wa katikati kabisa. Sedekia akataka kujua kwa nini tunahangaika. "Ili ubao wako utoke mzuri," nikasema.

Brayson akaja na kile kifaa chetu cha kutafutia chuma. Mti uliokaa karibu na nyumba hatuupasui kabla ya kuupima, maana msumari mmoja tu unatosha kuua msumeno.

"Kirudishe garini," nikamwambia.

"Bosi?"

"Kirudishe. Na leo naendesha mimi. Watu wote wakae nyuma ya kamba, na wewe pia."

Akakirudisha, akaenda nyuma ya kamba.

Mbao za kwanza zikatoka nyekundu, zinang'aa, harufu yake imejaa shamba zima. Akina mama wakapiga vigelegele. Sedekia akawa anazunguka anapokea pongezi. Nilipofika katikati nikapunguza mashine, nikapaza sauti ili wote wasikie.

"Baba mdogo! Huu ndio ubao wa altare?"

"Ndio huo huo!"

"Hutaghairi?"

"Nighairi? Ng'o! Nimeutoa mbele za Mungu na mbele za watu."

"Mchungaji umesikia?" Mchungaji akaitikia kwa kicheko. Watu wakampigia makofi Sedekia, naye akawapungia mkono. Nikasukuma mashine.

Msumeno uliingia vizuri, ukala mti, ukapita nusu. Halafu ukapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, cheche zikaruka, ukakatika. Nikazima. Msumeno ule ulikuwa mpya, na sikuusikitikia hata kidogo.

Brayson akamalizia mkato kwa msumeno wa mkono wa injini. Vijana wakaingiza mitaimbo, wakainua kipande cha juu, wakakibingirisha pembeni. Watu wakasogea.

Lilikuwa limelala pale ndani ya ubao, ubapa, zima, na ule mkia wake wa kutilia mpini. Mti kulizunguka ulikuwa umegeuka mweusi, kama wino umemwagika kwenye kitambaa chekundu. Jembe la babu yangu.

Mwanamke mmoja wa kwaya akasema taratibu, "Yesu wangu, jembe."

Sedekia akageuka rangi. "Amelitia yeye! Huyu mtoto amelitia!"

"Amelitia lini, mzee?" Brayson akamuuliza. "Mti umesimama kwako, umeukata wewe, na gamba lilikuwa zima."

Mzee Shedrack akainama, akaligusa kwa kidole. "Sedekia," akasema, "uliniapia. Na mimi nikamcheka mjane." Kisha akavua kofia, akajikongoja mpaka kwenye gari letu, akagonga kioo.

Mama akashuka. Watu wakampisha. Hakumtazama mtu, alikuja moja kwa moja mpaka kwenye ubao, akaweka kiganja juu ya jembe, akaanza kulia kwa sauti. Nami nililia, nisidanganye. Nililia na huku nafurahi kumwona Sedekia anakwepa macho ya watu.

"Shemeji," Sedekia akanong'ona, "bonde lichukue. Lichukue leo hii, mbele ya hawa. Ila ubao huu tuuchome. Nakuomba."

"Bonde nalichukua, ni la mume wangu," mama akajibu, akifuta macho. "Ubao si wangu wala si wako. Umeshautoa."

Mchungaji akakohoa, akauliza kama basi fundi anaweza walau kulitoa jembe kwa patasi, pawekwe kiraka.

"Mtu asiliguse," mama akasema. Na hakuna aliyethubutu.

Siku hizi Jumapili tunasali Ilula. Mama anaingia kanisani wa kwanza, mgongo umenyooka, na kila mtu anamsalimia kwa jina lake. Altare imepigwa vanishi, jembe liko pembeni upande wa mbele, limelala juu juu, unaliona wazi. Sedekia anakaa benchi la mbele, maana akihamia nyuma wote watageuka kumtazama. Akina mama wa usharika walitaka altare ifunikwe kwa heshima, wakamwomba mama ashone kitambaa. Akakubali haraka sana. Alikishona vizuri, kwa lesi nyeupe, na upande ule wa jembe akakikata kifupi.