Sindano ya Ijumaa

Muuza nyama waliyembandika jina la Fahali alikuwa na kitambi kilichomtangulia mlangoni, na siri moja. Miaka mitatu nyuma, nguvu za chumbani zilimwishia. Daktari alimwambia wazi kwamba mafuta ya tumboni na sukari vimezishusha homoni zake za kiume. Apunguze kula, atembee. Fahali atembee! Akaenda kununua homoni zenyewe, za chupa, kwa muuza dawa za kutunisha misuli.

Zilifanya kazi, hilo tusimnyime. Mabega yalijaa, kitanda kikachangamka, na buchani wateja wakachoshwa na majigambo yake. Mkewe, mshonaji mwenye mkono mwepesi, ndiye aliyemchoma kila Ijumaa. Aliambiwa ni dawa ya mgongo, naye akaamini.

Mtoto ndiye hakuja. Mama yake Fahali alimwita mkwewe tasa mbele ya wageni, na Fahali akacheka nao. Mke alipimwa, akaonekana mzima, wala hakuna aliyejali. Mwisho mama akatoa kauli: mwaka ukiisha hivi hivi, huyo arudi kwao.

Hospitali wakamtaka mume naye apimwe. Majibu alipewa peke yake.

"Mbegu hamna hata moja," daktari alisema. "Unajichoma homoni?"

Fahali aliitikia kwa kichwa.

"Basi ndizo. Mwili ukiona zinaletwa kutoka nje, unaacha kutengeneza zake, na mbegu zinakoma. Acha sindano. Huenda mbegu zikarudi, miezi sita, mwaka, au zaidi. Ila kwa muda utachoka, na kitandani utakuwa wa kulala tu. Nitakusaidia."

Mwaka mzima wa kulala tu! Fahali alishukuru, akaikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa ndani.

Mkewe alikuwa kwenye benchi nje, mkoba mapajani. "Wamesemaje, mume wangu?"

"Tatizo ni lako."

"Si walisema mimi mzima?"

"Walikosea."

Aliinamisha kichwa. Roho ya Fahali ilimsuta kidogo, kisha ikanyamaza, maana alishaizoesha hivyo.

"Nisamehe," mke alisema. "Nimekupotezea miaka."

Ijumaa alimpangusa kwa pamba kama kawaida, macho yamevimba kwa kulia. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa kwenye sanduku kando ya mlango.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Pole," akasema, akaisukuma dawa taratibu mpaka tone la mwisho.